Nyota ya Ncha Nane ni ya Nani?

*Maneno haya yalisemwa Baraka mbele ya wanachama wa chama chetu cha kusaidiana, siku tulipojadili madirisha na mlango wa ukumbi mpya. Tunayachapa kwa ombi la wanachama wa Fizi, Mboko na Sebele ambao hawakuweza kufika, na kwa ajili ya marafiki wanaotutegemeza kutoka mbali.*



Jambo lililotuita tunalijua. Vijana wa atelie walileta mfano wa dirisha la ukumbi: matofali ya matundu, yale mafundi wetu wanaita klostra, na kila tundu lina sura ya nyota ya ncha nane. Pamoja nalo wakaleta mchoro wa mlango wenye fremu ya kuchongwa, kama milango waliyoiona kule Ujiji na Kigoma wakati tulikuwa wakimbizi. Wengine kati yetu walifurahi. Wengine walisema hapana.

Tulisikia maneno matatu. La kwanza: nyota hii ni ya Waislamu, na ukumbi ni wa watu wote, Wakristo na Waislamu. La pili lilitoka kwa mzee mmoja, naye alilisema kwa sauti ya chini: michoro hii ilikuja na wale waliowafunga babu zetu na kuwavusha ziwa. La tatu: kuna watu bado wanalala chini ya turubai, mapambo ni ya nini?

Maneno yote matatu ni mazito na hakuna hata moja la kuchekwa. Sisi tunaofanya kazi ya uwanjani tumeombwa tueleze michoro hii ni kitu gani, halafu ninyi wenyewe mtaamua. Basi tuyachukue moja moja.

Nyota yenyewe

Ndugu zetu Waislamu walio hapa wakifungua Mushafu wataikuta nyota hiyo pembeni mwa maandishi. Ni miraba miwili iliyolaliana, mmoja umegeuzwa kidogo. Inaonyesha msomaji kwamba amefika robo ya hizbu. Kurani imegawanywa katika hizbu 60, kwa hiyo robo zake ni 240. Pale nyota ni alama ya kumsaidia msomaji ajue amefika wapi. Haiabudiwi.

Kwa nini misikiti inapambwa kwa mistari na nyota, na si kwa sura za watu? Ni kwa sababu, kwa mafundisho yao, mahali pa kuswali hapawekwi sanamu wala picha ya kiumbe hai. Fundi akabaki na vitu vitatu: maandishi, majani na maua, na hesabu ya maumbo. Hiyo hesabu waliipeleka mbali sana. Baghdad, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, mtaalamu wa hesabu Abu'l-Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa mwaka 940, aliandika kitabu kizima juu ya jiometri ambayo fundi anaihitaji kazini. Na Istanbul, katika jumba la Topkapi, kunatunzwa karatasi moja ndefu ya kukunja, kama mita 29 na nusu, yenye michoro 114 ya kupamba majengo. Inaaminika ilichorwa Uajemi, yapata miaka mia tano iliyopita. Ilikuwa akiba ya ujuzi: mkubwa anachora, mdogo anafuata.

Sasa namna ya kuichora, maana hapo ndipo tutaelewana. Hauhitaji kompyuta. Unahitaji kigingi, kamba na jicho tulivu. Piga kigingi chini, funga kamba, zungusha: uko na duara. Usibadilishe urefu wa kamba. Anza popote kwenye ule mzunguko, pima kwa kamba ileile hatua kwa hatua ukizunguka. Zitaingia sita, kamili, wala hazizidi wala hazipungui. Hiyo ndiyo asili ya maua yote ya petali sita mnayoona kwenye milango ya pwani.

Kwa nyota yetu, piga mstari unaopita katikati ya duara, halafu mwingine unaoukata kwa kona sawa. Umepata alama nne. Ziunge: mraba. Kisha gawanya kila nafasi kati ya alama mbili katikati, utapata alama nyingine nne. Ziunge nazo: mraba wa pili juu ya wa kwanza. Nyota imetoka, na ndani yake umebaki umbo la pande nane.

Tuingie sasa kwenye lile vijana walituonyesha na ambalo wengi hawakuligundua. Panga nyota kama hizo kwa safu, ncha iguse ncha, juu na chini, kushoto na kulia. Tazama nafasi iliyobaki katikati ya nyota nne. Ni msalaba. Hakuna aliyeuchora. Umejitokeza wenyewe, kwa sababu hesabu haina njia nyingine. Katika karne ya 13 mafundi wa mji wa Kashan, Uajemi, walichoma vigae vya namna hiyo, nyota na misalaba, wakavipanga kwenye kuta za makaburi ya watu wakubwa wa Kiislamu. Hatusemi kwamba walikuwa wanafikiria msalaba wa Yesu. Hawakufikiria hivyo. Tunasema tu kwamba ukichora nyota hizi sawasawa huwezi kuukwepa msalaba, na ukichora misalaba ile sawasawa huwezi kuzikwepa nyota.

Kuhusu maana, tuwe waangalifu. Wapo wanaosema mchoro unaoendelea bila mwisho unafundisha kwamba Mungu hana mwisho, na kwamba nyota nyingi zinazotoka kwenye kitovu kimoja zinafundisha umoja wake. Ni mafundisho mazuri na Waislamu wengi wanayapenda. Lakini mafundi wa zamani wenyewe waliacha maandishi machache sana ya kueleza maana ya kazi yao. Wengi waliacha kazi tu. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwa uhakika kwamba umbo fulani lina maana moja tu tangu mwanzo hadi leo. Umbo la pande nane liko Yerusalemu kwenye Kuba ya Mwamba, iliyomalizika karibu mwaka 691. Liko pia Florence, Italia, kwenye jengo la ubatizo la Wakristo. Waislamu wa kwanza waliyakuta maumbo haya kwa Warumi wa mashariki na kwa Waajemi, wakayachukua, wakayakuza kuliko wote waliotangulia.

Na hapa kwetu je? Chukueni mkeka wa mama. Ukisuka utepe juu ya mbili, chini ya mbili, na kila mstari ukasogea hatua moja, mistari ya mshazari inatoka yenyewe. Ukigeuza upande inatoka miraba iliyosimama kwa kona. Mama hahitaji kujua jina la Abu'l-Wafa. Anahesabu kwa vidole. Fundi wa Kashan naye alihesabu. Basi kwa neno la kwanza jibu letu ni hili: nyota ya ncha nane Waislamu wameitumia kwa heshima kubwa, na heshima hiyo tuilinde, lakini hesabu iliyoizaa haina dini wala kabila.

Njia iliyoileta

Neno la pili ni gumu zaidi. Hatutalipaka sukari.

Michoro ya namna hii ina umri mrefu pwani. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107. Kilwa Kisiwani kuna Msikiti Mkuu wenye kuba nyingi, na kwenye jumba la Husuni Kubwa kuna kidimbwi cha kuogea chenye pande nane, cha karne ya 14. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Kwa hiyo hii si kazi iliyoanza na biashara ya watumwa ya karne ya 19. Watu wa pwani walikuwa nayo mamia ya miaka kabla.

Lakini namna ilivyofika karibu na ziwa letu, hapo mzee wetu yuko na haki. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka Ujiji watu walivuka ziwa, wakaendelea hadi Kasongo na Nyangwe kule Maniema. Mitindo ya nyumba na milango ilisafiri njia hiyohiyo. Karibu na Tabora, pale Kwihara, liko tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, nalo lina mlango wa kuchongwa kwa mtindo wa pwani. Na kwenye njia hiyo walipita wabeba pembe za ndovu, na walipita watu waliofungwa. Tippu Tip, ambaye ngome yake ilikuwa Kasongo, alikuwa na nyumba mtaa wa Shangani, Unguja, yenye mlango wa kuchongwa ambao wageni wanaupiga picha mpaka leo. Rumaliza alikaa Ujiji, na nguvu yake ilienea pande za kaskazini za Tanganyika, yaani upande wetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba akibanwa na Waingereza, na mahali pale pa Mkunazini likajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Huku kwetu mambo hayakuisha mwaka ule. Yaliendelea, na wazee walituachia habari zake.

Kwenye milango mingi ya Unguja kuna mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu. Wanaotembeza wageni husema mnyororo ule ulionyesha nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Wengine wanasema ni kinga tu, kufunga nyumba dhidi ya mabaya, kama vile samaki anavyosemwa kuwa uzazi na mtende kuwa neema. Sisi hatutaamua ugomvi huo. Ila tunajua jambo moja: alama inasomwa na macho yanayoitazama. Mzee wa Fizi akiuona mnyororo kwenye mlango wa ukumbi wake, hatasoma kinga. Atasoma shingo ya babu yake. Fundi mwenye adabu anajua mlango huu anaufungulia nani.

Kwa hiyo pendekezo letu la mlango ni wazi: mnyororo usichongwe. Si kwa kuwalaumu vijana, wao waliuona ni mzuri wakaunakili. Usichongwe kwa sababu walioumizwa nao ni wa kwetu.

Lakini tukisema tukatae kila kitu kilichopita njia ile, tutafika wapi? Wandugu, lugha tunayosema sasa hivi ilipita njia ile. Kiswahili kilifika kwetu na misafara, na wale wapagazi, na wale waliofungwa pia. Hatukukitupa. Babu zetu walikichukua kutoka midomo ya watu wabaya na watu wema, wakakifanya chao. Kambini Lugufu, na Nyarugusu, kilitulinda: kwa hicho tulidai chakula, tulifundisha watoto, tulizika watu wetu. Tulipoanza kurudi mwaka 2005, meli ikitoka Kigoma kuja Baraka, ni kwa Kiswahili tuliitwa majina. Leo tunaimba nacho kanisani na kusoma nacho hotuba msikitini. Hakuna anayeambiwa anasema lugha ya watekaji. Tumesahau? Hapana. Tunakumbuka, na tunasema.

Ujuzi wa mikono uko hivyohivyo. Vijana wetu hawakuupokea kwa Tippu Tip. Waliupata kwa maseremala wa Kigoma na Ujiji, na kwa wakimbizi wenzao walioshika randa kabla yao, wengine bila malipo isipokuwa kufagia takataka za mbao. Walirudi na kabegi kadogo na ujuzi huo. Kuna mali nyingi tuliziacha kule. Hii hatukuiacha kwa sababu iko kwenye vidole.

Turubai na mapambo

Neno la tatu ni la pesa, na hapa tunasema hasa na marafiki wetu wanaotutumia msaada, maana wao wanauliza hivyo pia kwenye barua zao.

Ni kweli paa linatangulia. Hakuna fundi mwenye akili anayechonga mlango wa nyumba isiyo na msingi. Unguja liko jumba kubwa, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sultani Barghash, lenye milango ya kuchongwa ya fahari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka wakati wa ukarabati na wafanyakazi wawili walikufa. Uzuri wa mlango haubebi ukuta. Kwa hiyo msaada wa kwanza uende kwenye msingi, mabati, na mifereji ya maji ya mvua, na kila mwaka kitengwe kidogo cha matengenezo. Wafadhili wengi wanapenda kupigwa picha siku ya kufungua jengo. Sisi tunawaomba watukumbuke mwaka wa tatu, maji yanapoanza kuingia.

Ila klostra si mapambo ya juu tu. Fikirieni Baraka mchana, watu wamejaa ukumbini, umeme hakuna. Dirisha la chuma lina joto, likifungwa ni giza, likifunguliwa kuna wizi. Klostra inaingiza hewa na mwanga mchana kutwa, na mtu hapiti. Huko pwani na nchi za Waarabu watu walitengeneza madirisha ya vijiti na matundu kwa sababu hizohizo: upepo upite, jua lisichome, walio ndani wasitazamwe. Uzuri ulikuja juu ya kazi.

Na bei? Klostra inamwagwa kwenye kalibu ya mbao kwa mchanga na simenti. Mchanga na simenti ni vilevile, tundu liwe la mraba au la nyota. Kinachoongezeka ni kalibu, na saa za kijana anayeitengeneza. Tukinunua madirisha yaliyokwisha tengenezwa, pesa inapanda boti inaondoka. Tukimwaga hapa, pesa inabaki mfukoni mwa kijana wa hapa, na kesho shule au zahanati ikitaka madirisha, kalibu iko tayari na fundi yuko. Chama cha kusaidiana kazi yake ni hiyo. Kumpa mtu mfuko wa unga ni lazima wakati wa njaa, tumefanya na tutafanya. Lakini kijana aliyerudi na ujuzi, tukamkalisha bila kazi, huyo atachukuliwa na wengine porini, nao hawana klostra za kumfundisha. Kila mama hapa anajua tunasema nini.

Kuna jambo jingine kwa vijana wenyewe. Mchoro huu haukubali uongo. Fundi akipima vibaya nyota ya kwanza kwa unene wa ukucha, nyota ya kumi haitagusa ya kumi na moja, na kila mtu ataona. Hakuna maneno ya kujitetea. Katika nchi ambayo karatasi nyingi zinasema jambo na ukweli ni jambo jingine, kijana akizoea kazi ya namna hiyo amepata shule.

Tunayopendekeza

Basi tunaleta mbele yenu mambo manne. Mtayapigia kura katika mkutano ujao, na walioko Fizi, Mboko na Sebele watume wajumbe.

La kwanza, madirisha yawe ya klostra, nyota na msalaba kama vijana walivyoonyesha. Imamu, wachungaji na mapadri waitwe waone mfano kabla ya kumwaga hata tofali moja. Mmoja wao akiona kuna kitu kinachomvunjia heshima, tuzungumze.

La pili, mlango uchongwe hapa, bila mnyororo. Mchoro wa fremu utoke kwenye mikeka. Tunawaomba mama zetu kila mtaa ulete kipande cha msuko wake, hata kilichochakaa. Maseremala watapima na kuhamisha kwenye mbao, na mama ndio watasema kama wamepatia.

La tatu, ndani ya ukumbi, ukutani, kuwe na ubao wenye habari ya njia ya Ujiji na wale waliopitishwa humo, kwa Kibembe na kwa Kiswahili. Wazee ndio wataieleza, vijana wataiandika. Tunaomba yule mzee aliyesema kwa sauti ya chini awe wa kwanza kusikilizwa, na safari hii aseme kwa sauti yake yote.

La nne, hesabu ya pesa. Msaada wa wafadhili uende kwenye msingi, mabati na mifereji kwanza. Klostra ziendelee polepole, dirisha moja baada ya jingine, kadiri mfuko unavyoruhusu. Hesabu zitabandikwa mlangoni mwa ofisi na kuchapwa katika jarida hili, ili aliye Baraka na aliye ng'ambo wasome kitu kimoja.

Kalibu ya mfano iko atelie. Anayetaka kujaribu kamba na kigingi aje, kuna kiwanja nyuma na vijana watawaonyesha. Mje na watoto.